Mungu Akikawia, Panda Mihogo

   

Mwezi huu naanza na barua. Mama mmoja alinifuata baada ya masomo ya jioni akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne, akasema, "Mwalimu, hii usiisome mbele ya watoto." Baadaye aliniruhusu niijibu hapa bila kutaja jina lake, kwa maana anasema wako wengi wenye swali kama lake ila wanaona haya kuuliza.

Barua yenyewe kwa ufupi ni hii. Mume wake walipotezana Januari 2008 wakati wa kukimbia Kenya. Mama alivukia Busia na watoto, mume akabaki nyuma kufunga duka, akasema atafuata jioni. Hakufuata. Tangu siku hiyo mama anaomba asubuhi na usiku, na siku za Ijumaa anafunga. Binti yake, ambaye alivuka mpaka akishikilia kanga ya mama, sasa ni mtu mzima na ameposwa mara mbili. Mara zote mbili mama amewaambia wageni wangoje, kwa sababu mwenye kupokea mahari ni baba na baba anakuja. Sasa ametokea mtumishi mmoja akamwambia kwamba jibu lake limefungwa, na akitoa sadaka ya kulifungua, mwaka huu hautaisha kabla mume hajabisha hodi. Mama ana mbuzi watatu na mabati kumi na mawili ambayo amenunua moja moja. Anauliza, je, auze? Halafu chini kabisa ya karatasi ameandika kwa herufi ndogo: je, Mungu amesikia ama hajasikia?

Mimi si mchungaji. Nimeishia sekondari na ninafundisha darasa la tatu kwa kujitolea, na wengi wenu mnanijua tangu nikiwa na kamasi. Lakini swali hili nimekua nalo, maana nyumba yetu pia iliomba, na majirani zetu waliomba, na kila mtu alipata jibu la kwake, wengine mpaka leo hawajapata. Kwa hiyo nitajibu kama mtu aliyekuwa pale.

Wasomaji waliokuja baadaye, ndugu zetu wa Sudan Kusini, wa Bududa walioletwa baada ya maporomoko ya Machi 2010, na hawa wa Khartoum waliofika tangu vita vya 2023, huenda hamjui sisi Wakenya tulifikaje hapa Kiryandongo. Uchaguzi ulifanyika tarehe 27 Desemba 2007, matokeo yakatangazwa tarehe 30, na jioni hiyo hiyo moto ukawaka. Watu zaidi ya 1,100 walikufa Kenya nzima na mamia ya maelfu wakahama makwao. Sisi tuliokuwa upande wa magharibi, Busia, Bungoma, Kisumu, hata Eldoret, wengi wetu Wakikuyu wenye viduka na vibanda, njia ya karibu ilikuwa Uganda. Wengine walivukia Busia, wengine Malaba ambayo kwa upande wa Uganda iko wilaya ya Tororo.

Busia ni mji mmoja wenye mpaka katikati. Hata neno boda boda lilizaliwa pale, vijana wa baiskeli walipokuwa wakiwapakia watu kutoka kituo cha Kenya hadi kituo cha Uganda huku wakiita "boda, boda". Ni safari fupi sana. Mtu wa Busia alikuwa anavuka kununua sukari na kurudi kabla chai haijachemka. Januari ile watu walivuka mahali hapo hapo na godoro kichwani, na hawakurudi.

Tulilala kwenye mashule na makanisa, halafu tukapelekwa kituo cha Mulanda, huko huko Tororo. Njiani tuliliona lile jiwe kubwa la Tororo, na sisi watoto tulifikiri ni mlima ambao mtu ameukata. Kufikia Februari Wakenya karibu 12,000 walikuwa wamekimbilia Uganda, wengi wakikaa kwa jamaa na marafiki, wengine kama sisi kwenye mahema ya Mulanda. Wajopadhola wa pale walikuwa wametupokea vizuri. Hiyo sitasahau, maana wao wenyewe hawakuwa na mengi.

Sasa, Mulanda kulikuwa na maombi! Kila jioni, hema kwa hema. Na maombi yetu yote yalikuwa moja: Bwana, turudishe, na utufanyie haraka. Tuliomba turudi kabla shule hazijaenda mbali. Tarehe 28 Februari, Kibaki na Raila walipotia sahihi mapatano mbele ya Kofi Annan, nakumbuka watu wakiimba mpaka usiku. Jibu hilo! Akina mama walikaza upya kamba za mizigo. Mama yangu hakufungua gunia letu la vyombo kabisa, tulikuwa tunapika kwa sufuria ya kuazima ilhali zetu zimo guniani, ati tutachelewa kufunga gari likija.

Gari lilikuja, ila si la kila mtu. Mwezi wa Mei serikali ya Kenya ilianza Operesheni Rudi Nyumbani na baadhi ya watu walirudi, wakakuta kitu ama wakakuta majivu. Wengine waliogopa, kwa kuwa mtu aliyechoma nyumba yako bado ni jirani yako. Hao, pamoja na sisi, ndio tulioletwa Kiryandongo mwaka huo wa 2008, wakati huu bado ilikuwa wilaya ya Masindi. Tukapewa ploti na jembe.

Hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Unapopewa ardhi na hujui utakaa muda gani, unapanda nini? Sisi tulipanda sukuma wiki na maharagwe. Sukuma wiki unaanza kuchuma baada ya wiki chache, maharagwe miezi mitatu umemaliza. Hakuna aliyetaka kupanda mihogo. Muhogo unataka miezi tisa, kumi na mbili, wakati mwingine zaidi, na ukichomeka kile kijiti ardhini ni kama umemwambia Mungu, sawa, nimekubali kubaki. Watu waliona kupanda mihogo ni kukosa imani. Nasema kweli, yalisemwa hivyo kwenye maombi, kwamba mwenye kuamini hapandi kitu cha mwaka mzima ugenini.

Kulikuwa na mzee mmoja hakujali maneno hayo. Alipanda mihogo nyuma ya nyumba, na mbele akapanda miembe mitatu kutokana na kokwa alizookota. Watu walimcheka, "Mzee, umekubali kuzikwa huku?" Yeye alikuwa akijibu kwamba anaomba kurudi kuliko wao wote, lakini tumbo halijui kuomba. Mzee alirudi Kenya mwaka 2011, mwanawe alikuja kumchukua. Maembe hakuyaona hata moja. Familia inayokaa kwenye ile ploti sasa si Wakenya hata, na msimu wa maembe watoto wangu wa darasa la tatu wanakuja shuleni na mashavu ya njano.

Wapo wanaoupenda sana ule mstari wa Yeremia sura ya 29 unaosema Mungu ana mawazo mema juu yetu, ya amani na tumaini. Hapa kambini umeandikwa mpaka kwenye milango. Ni mstari mzuri. Lakini tafadhali, leo usiku fungua Biblia yako usome barua hiyo kuanzia juu. Ni barua ya wakimbizi! Yeremia anawaandikia watu wa Yerusalemu waliochukuliwa mateka mpaka Babeli, na kabla hajafika kwenye mawazo mema anawaambia wajenge nyumba wakae ndani yake, wapande bustani wale matunda yake, waoe, waozeshe binti zao, na wauombee amani mji ule ule wa ugenini. Halafu anawaambia muda. Miaka sabini.

Fikiria wewe ni baba wa familia umesomewa barua hiyo. Una miaka arobaini. Piga hesabu. Yaani ahadi ni ya kweli na wewe hutaiona kwa macho yako. Wajukuu wako wataiona. Na kweli ndivyo ilivyokuwa, wakati Koreshi alipowaruhusu kurudi, wengi waliosikia barua ile siku ya kwanza walikuwa wameshazikwa Babeli. Mungu hakudanganya hata kidogo. Ila walioishi vizuri ni wale waliopanda.

Sasa sikilizeni na sura iliyotangulia, ya 28, maana inamhusu yule mtumishi wa mama yetu. Alikuwepo nabii mwingine, Hanania. Yeye alisema miaka miwili tu na kila kitu kitarudi, watu na vyombo vya hekalu. Akachukua nira aliyokuwa amevaa Yeremia shingoni akaivunja mbele ya watu wote. Bila shaka watu walishangilia, nani hapendi kusikia miaka miwili kuliko sabini? Mungu alisema hakumtuma, na Hanania akafa mwaka huo huo.

Na sisi watu wa Tororo na Busia hatuhitaji kwenda Babeli kutafuta mifano. Waulizeni wazee kuhusu 1987. Alice Lakwena alipita na watu wake huko Tororo wakielekea Jinja, wameambiwa kwamba waliopakwa mafuta ya shea risasi hazitawapata. Vijana wa watu waliamini kabisa. Risasi ziliwapata. Yeye alikimbilia Kenya, na alikufa mkimbizi, katika kambi ya Ifo huko Dadaab, Januari 2007. Simhukumu, naye alingoja kurudi nyumbani miaka mingi kama sisi. Nasema tu kwamba mtu akikupa tarehe kwa niaba ya Mungu, au akikupa bei, muulize nani amemtuma.

Basi mama, swali lako la kwanza nalijibu wazi wazi: usiuze mbuzi. Wala mabati. Sadaka ni jambo jema na ukitaka kumtolea Mungu kwa kumshukuru, toa kile ambacho moyo wako umeridhia. Lakini Mungu hana kufuli la mbuzi watatu. Yule mjane wa kwenye Luka 18 aliyekuwa akimsumbua kadhi kila siku, Yesu hakusema alilipa kitu. Alirudi tu. Alirudi na kurudi. Na hata yule kadhi mbaya hakumwomba rushwa, maana angetuambia. Mnapunguziwa chakula kila mara, mwaka 2025 WFP iliondoa watu kama milioni moja kwenye orodha ya chakula hapa Uganda, na wewe uuze kitu pekee kinachozaa nyumbani? Hapana, mama.

Swali la pili ni zito na nimelala nalo siku nne.

Danieli aliomba siku ishirini na moja bila kuona kitu. Malaika alipofika alimwambia kwamba maneno yake yalisikiwa tangu siku ile ya kwanza, ila njiani palikuwa na kizuizi. Kwa hiyo kusikiwa ni kitu kimoja, na jibu kufika mlangoni ni kitu kingine. Mimi naamini umesikiwa tangu Busia, tangu ile jioni ya kwanza ulipokaa ukiangalia barabara. Lakini siku ishirini na moja si miaka yote hii, najua, na sitaki kukufariji kwa bei rahisi.

Kwa sababu lipo jibu la namna nyingine. Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba, akaambiwa neema inatosha, mwiba ukabaki. Yesu mwenyewe pale bustanini aliomba kikombe kimwepuke, na alikinywa. Tarehe 1 Januari 2008 watu waliokimbilia kanisa kule Kiambaa, karibu na Eldoret, walichomewa humo ndani, wengi wanawake na watoto. Walikuwa kanisani! Mtu asiniambie hao waliomba vibaya kuliko sisi tuliofika Busia. Sijui kwa nini sisi tulivuka, na yeyote anayesema anajua, mimi huwa naondoka nikamwacha anaongea.

Mama, inawezekana baba watoto hayuko hai. Mkono wangu ni mzito kuandika hivyo, lakini nawe umeliandika katika barua yako, ulipouliza kama ni dhambi kuwaombea marehemu. Inawezekana pia yuko hai mahali, Nakuru, au Kampala, au amepoteza akili, au ana familia nyingine. Yote yanawezekana. Na Mungu anajua ni lipi, sisi hatujui. Kumtumaini yeye si kuchagua jibu moja halafu kumshikilia nalo. Hilo ni jambo gumu kwangu pia, nikiwa na miaka yangu hii.

Basi utaomba namna gani? Nitakuambia nilichosikia kwa jirani yetu Mwislamu kutoka Khartoum, mzee mwenye heshima sana. Tulikuwa tunazungumza habari za Yusufu, maana wao pia wanayo, sura nzima. Alisema Nabii Yaakub alipoletewa ile kanzu yenye damu alisema atakuwa na subira njema, na alilia mpaka macho yakapofuka. Lakini miaka ilipopita, aliwaambia wanawe waende wakamtafute Yusufu na ndugu yake, na wasikate tamaa na rehema ya Mungu. Mnaona? Subira yake ilikuwa na miguu. Alilia, aliomba, na akatuma watu kutafuta.

Je, wewe umetafuta? Sijasema kuulizauliza wageni wanaopita Bweyale. Nasema kutafuta kwa utaratibu. Shirika la Msalaba Mwekundu lina kazi maalum ya kuwatafuta watu waliopotezana kwa vita na fujo, na huduma hiyo ni ya bure, haina sadaka. Wanaandika jina lake kamili na majina yake ya utani, jina la baba na mama yake, mwaka wa kuzaliwa hata kama ni wa kukisia, kijiji chake, mahali na siku alipoonekana mara ya mwisho, na ukiwa na picha wanaipokea. Wana wenzao Kenya na nchi nyingi. Hawakuahidi kwamba watampata. Wanaahidi kutafuta. Mimi nitakusindikiza siku yoyote ya Jumamosi, na fomu kama ni ya Kiingereza nitakujazia.

Sasa nije kwa binti. Hapa naomba radhi kwa kuingilia mambo ya nyumba ya mtu, mimi mdogo. Yeremia hakuwaambia wale mateka wangoje kurudi Yerusalemu ndipo waozeshe. Alisema waozeshe huko huko. Katika mila zetu baba asipokuwepo wapo baba wadogo, wapo wazee wa ukoo, na hapa Kiryandongo wako wazee ambao wamesimama kwa ajili ya mayatima wengi. Mzee akisimama kupokea wageni hajachukua kiti cha mume wako. Amekilinda. Siku mume akirudi atakuta mkwe na wajukuu, na atauliza ni nani alikaa hapa kwa niaba yangu, nimshukuru. Na asiporudi, binti hatakuwa amezeeka kwa kungoja jibu la maombi ya mama yake. Yeye naye ana maombi yake, mama. Umewahi kumuuliza anaomba nini? Mimi nimemfundisha kushona daftari za watoto pale shuleni na simtaji zaidi ya hapo, lakini muulize.

Wengine mtasema mwalimu anafundisha watu kukata tamaa. La. Mnakumbuka Hana, mama yake Samweli? Alilia mpaka kuhani akadhani amelewa. Lakini soma alichofanya baada ya kuomba: alienda zake, akala chakula, na uso wake haukuwa na huzuni tena. Mtoto alikuwa hajapatikana bado! Mimba hata haikuwepo. Alikula kwa sababu alikuwa ameshaliacha jambo mikononi mwa mwenyewe. Hiyo kwangu ndiyo imani, kuweza kula ugali wako kabla ya jibu.

Na wale mlio na jamaa Malaba mnajua malori yanavyopanga laini. Mwaka 2020 wakati wa kupimwa korona, na tena Januari 2022 madereva walipogomea ada ya vipimo, laini ilikwenda makumi ya kilomita kutoka mpakani hadi ndani ya Kenya. Madereva walikaa siku na siku. Binamu yangu ni tanboi, alikuwepo, akanieleza jinsi walivyoishi. Walipika chini ya lori, walifua wakaanika kwenye vioo, walikagua magurudumu, karatasi zote walizipanga kwenye mfuko mmoja. Wako waliochoka wakaenda kulala mjini, laini ikasogea usiku, wakarudi wakakuta wamepitwa na malori hamsini, maana hakuna aliyekuwepo kuwasha. Yeye na dereva wake walisogea mita kumi, mita ishirini, na kila mara walikuwa macho. Nilimuuliza kama hawakufikiria kugeuza lori. Akacheka. Mzigo ni wa Kampala, atageuza aende nao wapi?

Kuna vijana hapa walikuwa wamefika mbali kwenye safari ya Marekani. Januari 2025 mpango wa kupokea wakimbizi ulisimamishwa kule, na watu waliokuwa na tarehe ya ndege walirudishiwa mizigo yao. Wawili kati yao walikuwa wameuza vitanda. Sasa wanalala kwenye mikeka na hawataki kununua kitanda kingine, kwa sababu wanasema Mungu atafungua mlango wakati wowote. Atafungua, amina. Lakini vijana, nunueni kitanda. Kitanda kinauzika hata siku ya mwisho, nina hakika mimi mwenyewe nitakinunua.

Mama yangu lile gunia alilifungua mwaka 2009, sufuria moja ilikuwa imeshika kutu kabisa. Siku hizi ana mihogo robo eka. Bado anaomba turudi, kila jioni, na amemtajia Mungu mpaka namba ya ploti yetu kule Kenya. Akimaliza kuomba anakwenda kuangalia kama fuko wamechimba.

Haya, mambo mawili ya mwisho. Mvua zikianza tutagawa vijiti vya mihogo pale shuleni, nyuma ya jiko, vya ile aina isiyo chungu. Kila familia ije na panga lake na kamba, maana mwaka jana panga la shule halikurudi. Pia, mwezi ujao nitajibu barua ya baba anayelalamika kwamba watoto wake wanaongea Kiingereza cha shule na Kiacholi cha uwanjani, na Kiswahili wamemwachia yeye peke yake. Wenye maoni leteni mapema. Barua wekeni kwenye sanduku lililo ukutani nje ya darasa la tatu, msisukume chini ya mlango, panya wamekula mbili.